Amplifaya iliyochemka bila sauti: kisa kimoja cha TDA2030A

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Jumapili moja asubuhi, chai haijaisha kikombeni, aliingia kwangu Mbagala amekumbatia ubao uliopigiliwa vifaa, waya zikining'inia huku na huku, na kwapani ana kopo la maziwa ya unga lililojaa rezista na skrubu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Umebeba nini?"

"Amplifaya. IC imekufa tena."

Lile "tena" ndilo lililonifanya nisogeze kikombe pembeni. IC ni kile kidude cheusi chenye saketi nzima ya kukuza sauti ndani yake. Ya kwanza aliing'oa kwenye sabufa la jirani lililoingia maji ya mvua. Ya pili na ya tatu alizinunua Kariakoo kwa nauli yake ya shule, siku nyingine akitembea kwa miguu ili abakize chochote. Sasa alitaka ya nne, na hukumu alikwisha kuitoa: za dukani ni feki.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimekiona kwenye meza nyingi. Kijana anajenga amplifaya, inagoma, anabadilisha IC. Inagoma tena, anabadilisha tena, mpaka hela iishe au hamu iishe. Kwenye ubao mzima IC ndiyo pekee yenye jina lililoandikwa kifuani, kwa hiyo lawama zote huangukia hapo. Rezista ya shilingi kidogo na kipande cha waya hakuna anayevitilia shaka.

Alichokijenga

IC yenyewe ni TDA2030A. Ina miguu mitano na bati dogo mgongoni lenye tundu la skrubu. Ilibuniwa na SGS-ATES ya Italia, kampuni iliyoungana na Thomson ya Ufaransa mwaka 1987 na leo inaitwa STMicroelectronics. Sabufa nyingi za bei ya chini zinaitumia, ndiyo maana mtu anaweza kuipata bure kwenye sabufa bovu, pamoja na transfoma na spika yake. Mguu wa 1 unapokea sauti, wa 2 unapokea marejesho, wa 3 ni hasi, wa 4 unatoa sauti, wa 5 ni chanya. Ndani yake kuna ulinzi: ikichemka kupita kiasi hujizima yenyewe, na ikipoa hurudi kazini. Hilo la kujizima tutalirudia, maana ndilo lililomdanganya kijana.

Mchoro aliofuata ulikuwa sahihi, ule wa kawaida wa umeme wa upande mmoja. Transfoma inashusha volti 230 hadi 12, dayodi nne zinanyoosha, kapasita kubwa inatuliza. Rezista tatu za kilo-omu 100 zinaupa mguu wa 1 nusu ya umeme. Kutoka mguu wa 4 kwenda wa 2 kuna rezista ya kilo-omu 150, na kutoka mguu wa 2 kwenda hasi kuna ya kilo-omu 4.7 ikifuatwa na kapasita. Sauti inatoka mguu wa 4 kupitia kapasita ya maikrofaradi 2200 hadi spika ya omu 4. Hiyo 2200 si ya anasa: kwa spika ya omu 4 inapitisha besi mpaka chini ya hezi 20, wakati ukiweka 470 besi inaanza kukatika kwenye hezi 85.

Vitu viwili vilivyokuwa kwenye mchoro aliviacha. Kimoja ni kapasita ndogo ya nanofaradi 100 inayokaa kati ya mguu wa 5 na wa 3. Cha pili ni rezista ya omu 1 iliyounganishwa mfululizo na kapasita kama hiyo, kutoka mguu wa 4 kwenda hasi. Nilipomuuliza alisema, "Nilikosa, na ni ndogo mno mjomba, nikaona haziwezi kuleta tofauti."

Dalili zake nilimtaka azitaje moja moja, bila kunipa maelezo ya nani ana kosa. Sauti ipo lakini hafifu, hata simu ikiwekwa mwisho. Kuna mngurumo mdogo wa chini. Nobu ya sauti ikifika katikati kunatokea mluzi. IC inachemka mpaka haishikiki, na baada ya dakika mbili tatu inanyamaza kabisa. Hapo ndipo alipokuwa akiing'oa.

Kabla ya kugusa saketi

Upande wa volti 230 ulikuwa umefungwa kwa selotepu ya kawaida, ile ya kufungia zawadi. Nilichomoa plagi na sikuendelea na lolote mpaka tuliporekebisha hapo. Tuliweka tepu ya umeme, tukabana waya kwenye ubao ili usivutike, tukaongeza fyuzi ya miliampea 500 kwenye waya wa moto. Volti 12 hazitamdhuru. Zile 230 zilizo sentimita chache pembeni zinaua, na mtoto anayejifunza usiku mkono wake unapapasa popote. Katika kisa hiki chote hilo ndilo kosa pekee lililonitia hofu.

Kisha tukaiwasha kupitia globu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na plagi. Globu ikiwaka kwa nguvu ujue kuna shoti. Hii ilitoa mwanga mwekundu kidogo ikafifia, ikawa ruhusa ya kuendelea.

IC inasema nini kwenye mita

Kipimo cha kwanza kilikuwa umeme wa jumla, kati ya mguu wa 5 na wa 3: volti 16.8. Hapo tukakuta jambo la pembeni. Kapasita yake kubwa iliandikwa volti 16, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kuvimba. Wengi hudhani transfoma ya 12 inaleta 12. Volti 12 za umeme wa kubadilika zikinyooshwa zinazidishwa kwa 1.41, unapata 17, dayodi zinakula 1.4, na transfoma ndogo isiyobebeshwa mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa. Kapasita ya hapo iwe ya volti 25.

Kipimo cha pili ndicho kilichojibu shtaka la kijana. Mguu wa 4 ulisoma volti 8.4, yaani nusu kamili ya 16.8. IC ya aina hii ikifa, mara nyingi mguu wa 4 unaganda karibu na chanya au karibu na hasi. Ikisimama katikati, maana yake viungo vyake vya ndani vinasawazishana kama ilivyokusudiwa.

"Hii haijafa," nikamwambia.

"Mbona inanyamaza?"

"Inajizima. Tutafute inachemshwa na nini."

Kipimo cha tatu: nilikata waya wa chanya nikaingiza mita kupima mkondo, simu ikiwa imechomolewa na spika iko kimya. Ilitakiwa isome miliampea 50 hivi. Ilisoma 290. Zidisha kwa volti 16.8, unapata karibu wati 5 za joto tupu, na kifaa cha kupozea kilikuwa kipande cha bati la kopo. Dakika mbili ni nyingi.

IC iliyo kimya inayokula mkondo mara sita ya kawaida yake ina kazi inayoifanya ambayo sisi hatuisikii. Sina osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Nilichukua redio yangu ndogo ya betri, nikaiweka AM mahali pasipo na stesheni, nikaisogeza karibu na ubao. Ukoromo ukajaa. Nikazima amplifaya, ukoromo ukakatika. Nikawasha, ukarudi. Kijana alifanya hivyo mwenyewe mara nne, akizima na kuwasha, akiiegemeza redio sikioni. IC ilikuwa inatetema kwa kasi inayopita masikio yetu mbali sana.

Nyekundu na rangi ya chungwa

Sasa ni kwa nini itetemeke? Hapa ndipo penye kiini cha kisa.

IC hii kwa asili inakuza kupita kiasi, na kinachoiadabisha ni ile njia ya marejesho: sehemu ya sauti iliyotoka inarudishwa mguu wa 2 ili isahihishe iliyoingia. Rezista mbili ndizo zinazopima kiasi cha kurudisha. Kwa 150 na 4.7, ukuzaji ni 1 ukijumlisha 150 kugawa kwa 4.7, yaani karibu mara 33, ambazo kwa kipimo cha desibeli ni 30. Waliotengeneza IC wanataka usishuke chini ya desibeli 24. Ukirudisha kingi zaidi, ukuzaji unashuka, na kwa kasi za juu yale masahihisho hufika yakiwa yamechelewa. Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukiweka mkono wakati anakuja, unampunguza mwendo. Ukichelewa kidogo ukamgusa anapoondoka, mkono uleule unamsukuma. IC inayosukumwa na masahihisho yake yenyewe haitulii tena.

Dalili mbili za kijana zilikuwa zinaelekeza hapohapo: sauti hafifu na joto. Sauti hafifu inasema ukuzaji ni mdogo. Joto linasema inatetema. Kosa moja linaweza kuzaa yote mawili.

Nikamwomba anisomee rezista ya mguu wa 2. "Njano, zambarau, nyekundu. Nne, saba, sifuri mbili. 4.7." Nikampa tochi. Akainama, akaigeuza, akanyamaza. Mstari wa tatu ulikuwa rangi ya chungwa. Kilo-omu 47. Tulinyanyua mguu wake mmoja kutoka kwenye ubao, mita ikasoma 46.8.

Alikuwa ameijenga usiku chini ya taa yenye mwanga wa njano, na kwenye mwanga huo nyekundu na chungwa hufanana kabisa. Sikumlaumu. Rezista za siku hizi ni ndogo, rangi zake hazijakolea, na mtu mwenye macho mazima hukosea. Dawa ni kuipima kila moja kwa mita kabla ya kuichoma risasi. Hesabu ya saketi aliyoijenga kweli ilikuwa 1 kujumlisha 150 kugawa kwa 47: ukuzaji mara 4 na kidogo, desibeli 12 tu, wakati kiwango cha chini ni 24.

Kwenye kopo la maziwa ilikuwemo 4.7 halisi, safari hii tuliipima kwanza. Tulipoichomea, mkondo ukashuka kutoka 290 hadi 120. Bado. Nikatoa kwenye mabaki yangu zile kapasita ndogo alizoziacha. Moja tuliichomea chini ya ubao, moja kwa moja juu ya miguu ya 5 na 3, miguu yake tumeikata mifupi isizidi sentimita moja, kwa sababu kwa kasi ile hata waya wa sentimita kumi ni kizuizi. Nyingine na rezista ya omu 1 zikaenda mguu wa 4. Mita ikasoma 52. Redio ya AM ikasogezwa, kimya. Nikamwambia aguse IC. Aligusa kwa woga, kisha akaacha kidole hapo.

Mngurumo ulizidi

Tukachomeka spika na simu. Sauti ilitoka ya kujaza chumba, na chini yake ukatoka mngurumo mkubwa kuliko ule wa mwanzo, mara nyingi zaidi.

"Mjomba, tumeharibu."

Uso wake ulionyesha kabisa kwamba angetamani kurudisha ile 47. Na hapa ndipo wengi hurudi nyuma: urekebishaji sahihi umefanya kitu kingine kisikike vibaya zaidi, wanadhani urekebishaji ndio mbaya. Mngurumo ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Ukuzaji wa mara 4 uliuficha, ukuzaji wa mara 33 umeufichua.

Tulizungusha nobu ya sauti hadi sifuri. Mngurumo ukabaki vilevile, kwa hiyo hautoki kwenye simu wala waya wa simu. Tukachomoa transfoma tukafunga betri ya pikipiki ya volti 12. Kimya kabisa. Basi unatokana na kunyoosha umeme wa ukutani, na kuna njia mbili za kuingia: ama kapasita kubwa haitoshi na umeme wenyewe unachezacheza, ama waya za hasi zimefungwa mahali pasipofaa.

Njia ya kuzitenganisha ni rahisi. Tukarudisha transfoma, tukaweka kapasita ya maikrofaradi 4700, volti 25, mahali pa ile iliyovimba. Kama tatizo lingekuwa udogo wa kapasita, mngurumo ungeshuka sana. Haukushuka. Ulibadilika tu, ukawa mkali zaidi, kama nyuki. Kapasita hiyo hata hivyo tuliiacha, maana sauti ikipanda mkondo unafika nusu ampea, na kwa kapasita ya maikrofaradi 1000 umeme ungechezacheza karibu volti 5. Kwa 4700 ni volti moja.

Likabaki suala la waya. Kutoka hasi ya dayodi hadi hasi ya kapasita alitumia uzi mmoja wa kebo ya intaneti, urefu wa sentimita 30. Na hasi ya nobu ya sauti aliifunga upande wa dayodi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kwenye mchoro sehemu zote za hasi ni mstari mmoja, ukiunga hapa au pale ni sawa. Kwenye ubao waya una ukinzani wake. Uzi ule una omu 0.084 kwa mita, kwa hiyo sentimita 30 zina omu 0.025. Dayodi hazipitishi umeme mfululizo; zinaupiga kwa mafungu mafupi mara 100 kwa sekunde, na hata amplifaya ikiwa kimya kila fungu linaweza kufika nusu ampea. Nusu ampea kwenye omu 0.025 ni milivolti 12 na nusu. Ni kidogo sana, ila sehemu ile imekaa kati ya nobu ya sauti na IC, kwa hiyo IC inaipokea kama muziki na kuikuza mara 33: volti 0.4 kwenye spika, mara 100 kwa sekunde. Ndio mngurumo wenyewe.

Tulifumua hasi zote. Kituo kikawa mguu hasi wa kapasita kubwa. Kutoka pale ukatoka waya mmoja mnene kwenda dayodi, mmoja kwenda mguu wa 3, mmoja kwenda spika, mmoja kwenda nobu ya sauti; hakuna unaopitia njia ya mwenzake. Ilituchukua kama nusu saa na hatukutumia hata senti. Tulipowasha alidhani haijawaka. Akaweka sikio kwenye koni ya spika, akasikia mvumo wa mbali, akacheka.

Mluzi ulikuwa mwepesi. Waya wa kuingizia sauti ulisokotana na wa spika. Nobu ikiwa katikati ndipo IC inapodaka vya jirani kwa urahisi zaidi, ndiyo maana ulitokea hapo tu. Tulitumia waya wenye wavu kutoka kebo ya zamani ya deki, tukaupitisha upande wa pili wa ubao.

Bati la kopo tukalitupa. Kwenye mabaki ya sabufa kulikuwa na kipozeo chake cha alumini, tukakifunga mgongoni mwa IC kwa skrubu na paste kidogo. Bati la mgongoni limeungana kwa ndani na mguu wa 3. Kwa umeme wa upande mmoja mguu huo ni hasi, hivyo halina hatari. Anayetumia umeme wa pande mbili, yaani chanya na hasi zenye sifuri katikati, lazima aweke kitenganishi cha maika, la sivyo atapiga shoti kwenye boksi la chuma.

Kuhusu nguvu nilimweleza ukweli. Wati 18 zinazotajwa kwa IC hii zinataka volti 16 juu na 16 chini. Ya kwake, umeme ukishuka hadi 14 chini ya mzigo, inatoa wati 3 na ushee hadi 4 kwenye omu 4. Kwa chumba, kwa mama yake akipika anasikiliza redio, zinatosha na zinabaki.

Kabla hajaondoka nilimwomba zile IC mbili alizozitupa kwenye kopo. Zilikuwa chini kabisa, zimepakana risasi miguuni. Tuliing'oa iliyokuwa ikiimba, tukaweka ya sabufa. Mguu wa 4 ukasimama katikati, muziki ukatoka. Tukaweka ile ya kwanza ya Kariakoo. Ikaimba vilevile. Alizifuta zote tatu kwa kitambaa chenye spiriti, akaziweka juu ya meza kwa mstari, akazitazama kwa muda. Kisha akauliza kama transfoma ile inaweza kubeba mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Nikamwambia asome kwanza imeandikwa ampea ngapi.